UZI: Umegongwa, gari lipo gereji. Usafiri wa siku hizo nani analipa?

Dawati la Madai

Wakuu, habari za jioni.

Nipo dawati la madai kwenye ofisi ya wakala wa bima hapa Dar, na swali ninaloulizwa kuliko yote halihusu bampa wala taa. Ni hili: "Gari langu lipo gereji, watoto wanatakiwa shuleni, mimi natakiwa kazini, huu usafiri nani analipa?" Watu wengi hujibiwa kwa mdomo kwamba bima hailipi hilo, wanaondoka. Jibu hilo ni kweli kwa baadhi ya watu tu. Wengine wana haki kamili ya kulipwa na wanaiacha mezani kwa kuwa hakuna aliyewaambia. Ndiyo maana nimeona niandike kwa kirefu.

Kwanza jiulize unadai kwa nani, maana hapa ndipo mambo yanapochanganyika. Unaweza kudai kwenye bima yako mwenyewe, au kwa yule aliyekugonga na bima yake. Ni njia mbili tofauti kabisa na majibu yake ni tofauti.

Tuanze na bima yako. Kama una bima ndogo, ile ya 118,000 kwa gari binafsi (laki moja na VAT yake), hiyo ipo kwa ajili ya watu unaoweza kuwaumiza au kuwaharibia mali. Gari lako mwenyewe halimo, kwa hiyo gari mbadala kupitia humo halipo. Kama una bima kubwa, uliyolipia kwa asilimia ya thamani ya gari, bima italitengeneza gari lako. Lakini kutengenezewa gari na kupewa gari la kutembelea wakati unasubiri ni vitu viwili. Chukua mkataba wenyewe, kile kijitabu ambacho wengi hawakifungui wakishapata stika, utafute sehemu ya mambo yasiyolipwa. Karibu kila mkataba unasema hasara zinazofuatia baada ya ajali, kama kukosa matumizi ya gari, hazimo. Kwa hiyo anayekwambia hailipi anasoma hapo.

Sasa geuza kurasa uende kwenye jedwali, ukurasa wenye jina lako, namba ya gari na thamani uliyoandikisha. Chini yake huwa kuna nyongeza: vioo, redio, ghasia za kisiasa, na kwenye baadhi ya mikataba, gari mbadala au fidia ya kukosa gari. Kama nyongeza hiyo imeandikwa pale, ulishailipia na unaidai bila aibu. Kama haijaandikwa, huna, hata kama aliyekuuzia bima alikuahidi kwenye simu.

Nyongeza yenyewe ina masharti ambayo lazima uyajue kabla hujalipa. Huwa na kikomo cha siku na kikomo cha fedha kwa siku. Mara nyingi siku hazianzi kuhesabiwa ajali ilipotokea. Zinaanza kampuni ikishaidhinisha matengenezo na gereji ikaanza kazi. Na mara nyingi gari likionekana halitengenezeki, kampuni ikaamua kukulipa thamani yake, gari mbadala linakoma au halitolewi kabisa. Kwa hiyo unapokata bima, muulize wakala kwa baruapepe au hata WhatsApp: siku ngapi, shilingi ngapi kwa siku, zinaanza lini, na gari likifa kabisa inakuwaje? Jibu la maandishi litunze pamoja na mkataba.

Njia ya pili ndiyo watu wengi wanaipoteza. Mtu akikugonga kwa uzembe, anadaiwa hasara yote aliyokusababishia. Kukosa gari ni sehemu ya hasara hiyo, na hilo ni deni lake hata kama bima yako wewe haina nyongeza yoyote na hata kama una bima ndogo tu. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima kwa ajili ya vifo na majeraha ya watu wengine. Uharibifu wa mali ya watu wengine unalipwa kwa mujibu wa mkataba wake na kampuni yake, na una kikomo. Kile ambacho kampuni haitalipa, dereva na mwenye gari wanabaki nacho.

Mkiwa bado barabarani, ingiza namba ya gari lake kwenye mfumo wa kuhakiki bima wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania. Utaona kama bima yake ipo hai na ni ya kampuni gani. Piga picha skrini. Msikubaliane kumalizana pembeni. Mwiteni trafiki apime ajali. Ripoti ya polisi ndiyo mlango wa kila dai. Dereva akifikishwa mahakamani akakiri kosa na kulipa faini, omba nakala ya mwenendo au hukumu, kwa sababu chini ya Sheria ya Ushahidi hukumu ya jinai, muda wa rufaa ukishapita, inachukuliwa kuwa imethibitisha kosa lile. Mtu hawezi kukiri Jumatatu halafu miezi baadaye kampuni yake ikudai uthibitishe upya kwamba alikugonga.

Halafu risiti, risiti, risiti. Gharama za usafiri kisheria ni hasara maalumu, na Mahakama ya Rufani ilishasema wazi mwaka 1992 kwamba hasara maalumu lazima itajwe kwa kiasi chake na ithibitishwe. Kusema "nilitumia kama laki saba hivi" hakutoshi. Ukipanda Bolt, safari ikiisha unatumiwa risiti kwenye baruapepe: ulipopandia, ulipoteremkia, saa, tarehe na kiasi. Huo ni ushahidi safi sana. Bajaji na bodaboda hawana risiti, basi walipe kwa simu ili muamala ubaki. Ukikodi gari, dai risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) na mkataba wenye tarehe. Anza na safari ya kwanza kabisa, hata ile ya kutoka kituo cha polisi kurudi nyumbani.

Na uwe wa kiasi. Kama ulikuwa na IST, kodi gari la daraja la IST. Ukikodi Prado utalipwa ya IST, tofauti utabeba mwenyewe, kwa kuwa sheria inakutaka uzuie hasara isikue.

La mwisho kwa leo: hati ya kuridhia malipo. Kampuni ikitaka kukulipa hukuletea karatasi usaini kwamba kiasi hicho ni malipo kamili na ya mwisho na huna dai lingine lolote. Gharama za usafiri kama hazimo kwenye kiasi kile na umesaini, umefunga mlango kwa mkono wako. Soma kwanza, ndipo usaini.

Karibuni kwa maswali, nitajibu nikipata nafasi.

Mama wa Goba

Shukrani sana mkuu, umenigusa mahali. Mimi niligongwa kwa nyuma nikiwa nimesimama kwenye foleni ya Mbezi Mwisho. Aliyenigonga alikiri palepale na bima yake ni hai. Risiti za usafiri ninazo zote. Kampuni yake imenijibu kwamba italipa usafiri wa siku saba tu, kwa sababu mkadiriaji wao, yule anayekagua uharibifu wa gari, aliandika matengenezo ni siku saba. Lakini gari limekaa gereji zaidi ya mwezi! Wiki za mwanzo fundi alikuwa hajagusa kitu, anasubiri kibali chao. Hii ni haki kweli?

Dawati la Madai

Pole sana dada. Hapana, hoja yao haijakaa sawa, na wewe una kesi nzuri.

Namba ya mkadiriaji ni makadirio ya saa za fundi: kunyoosha, kufunga spea, kupiga rangi. Haijumuishi muda ambao gari limekaa tu. Swali la kudai usafiri ni: ulikosa gari kwa muda gani kwa sababu ya ajali ile, na je, kuna siku zilizopotea kwa uzembe wako? Kama siku za mwanzo zilipita kwa sababu wao hawajatuma mkadiriaji au hawajaidhinisha, siku hizo ni zao. Kama spea ilikuwa haipo mjini na ikabidi iagizwe, hiyo nayo ni sehemu ya hasara ya ajali, mradi uonyeshe ilitafutwa. Zitakazokuangukia ni siku ulizochelewesha mwenyewe, kwa mfano ulichelewa kupeleka gari kukaguliwa, au lilikuwa limeshatengenezwa ukachelewa kulichukua.

Kwa hiyo usibishane nao kwa jumla. Gawanya muda wako kwa tarehe: ajali, siku uliyotoa taarifa kwao, siku mkadiriaji alipokuja, siku kibali kilipotoka, siku spea ilipofika, siku ulipokabidhiwa gari. Kando ya kila kipindi andika nani alikuwa anasubiriwa. Karatasi moja tu, na risiti zikiwa zimepangwa nyuma yake kwa mpangilio uleule. Ukiwapelekea hivyo, wanalazimika kukujibu kipindi kwa kipindi, na hapo ile hoja ya siku saba inakosa pa kusimama.

Fundi Bodi Ilala

Naunga mkono, na naongeza upande wa gereji maana ndiko ninakoshinda.

Watu hawajui kwamba kibali cha kwanza huwa hakitoshi. Mkadiriaji anaangalia gari kwa nje, anaandika bampa, boneti, taa. Sisi tukifungua mbele tunakuta rejeta imepinda, kondensa ya AC imetoboka, chuma cha nyuma ya bampa kimekunjika. Pale kazi inasimama. Tunapiga picha, tunaandika hasara iliyoonekana baada ya kufungua, tunatuma, tunasubiri kibali cha pili. Nimeona gari limekaa limefunguliwa mdomo wazi muda mrefu kuliko muda wa kulitengeneza.

Ushauri wangu kwa mwenye gari: siku unaleta gari, omba lifunguliwe mbele ya mkadiriaji. Anaona kila kitu kwa mara moja na kibali kinakuwa kimoja. Na utuombe sisi mafundi barua fupi yenye tarehe, yenye muhuri wa gereji: limeingia lini, kibali cha kwanza lini, cha pili lini, spea lini, limetoka lini. Gereji yoyote iliyonyooka itakuandikia. Msiogope kutuomba.

Wa Nakuru

Habari ndugu zetu. Huku Kenya mambo yanafanana lakini kuna tofauti za kujua. Bima za komprehensivu (hizo mnazoita bima kubwa) nyingi huku huuza gari mbadala kama nyongeza, unalipa kidogo juu ya ada yako, na nyingi nilizoziona zina kikomo cha siku kumi. Wengine wanakupa gari, wengine wanakurudishia pesa kwa siku. Ulizia ni ipi kati ya hizo mbili, kwa sababu kama ni kurudishiwa, lazima kwanza uwe na pesa ya kukodi mfukoni.

Ukitaka kudai aliyekugonga, jua kwamba sheria yetu, Sura ya 405, inalazimisha bima kwa vifo na majeraha tu, na hata hayo yamewekewa kikomo cha shilingi milioni tatu. Gari lako linategemea mkataba wake. Mahakama zetu nazo zinataka uthibitisho wa kila shilingi ya kukosa matumizi. Abstrakti ya polisi, ile hati ya kuonyesha ajali imeripotiwa, uichukue mapema, bila hiyo hakuna atakayekusikiliza.

Mbongo Leicester

Wakuu, naomba niwaonye ndugu zangu wanaoishi Uingereza, kwa sababu humu tupo wengi na nimeona watu wakiumia.

Huku kuna gari la aina mbili baada ya ajali, na watu wanadhani ni kitu kimoja. La kwanza ni lile bima yako inakupa wakati gari lako lipo kwenye gereji yao waliyoiidhinisha. Mara nyingi ni gari dogo, na ukipeleka gari kwenye gereji uliyoichagua mwenyewe unaweza kulikosa. Gari likiandikwa kwamba halitengenezeki, kwa kawaida unalirudisha haraka isipokuwa uliongeza kifungu maalumu.

La pili ndilo la kuogopa. Unapata ajali ambayo si kosa lako, muda mfupi baadaye simu inalia. Sauti nzuri kabisa inakwambia wana gari kama lako, watakuletea mlangoni, hulipi hata senti. Unasaini kwenye simu. Ulichosaini ni mkataba wa kukodi kwa mkopo: mdaiwa ni wewe, kwa bei ya juu kuliko bei ya kawaida ya kukodi, na kampuni ile inakwenda kudai kwa bima ya aliyekugonga kwa jina lako. Bima ikigoma, mnakwenda mahakamani na wewe ndiye unayesimama kutoa ushahidi. Ikionekana hukuhitaji gari, au ungeweza kulipia la bei ya kawaida, au ajali ilikuwa kosa lenu wote wawili, jaji anakata, na kinachobaki kinaweza kurudi kwako.

Mahakama ya juu ya huku iliamua mwaka 2003 kwamba mtu asiye na uwezo wa kulipa mapema anaweza kurudishiwa bei hiyo ya mkopo. Uamuzi mzuri kwa watu wa kipato kidogo, lakini ina maana utaonyesha taarifa zako za benki kuthibitisha kwamba kweli hukuwa nazo. Kwa hiyo kabla hujasaini, piga simu bima yako uulize una haki ya gari gani. Na bima ya aliyekugonga ikikupa gari bure, usiikatae kimyakimya. Jibu kwa maandishi, kwa sababu kukataa bila sababu ya maana kutatumika dhidi yako.

Dawati la Madai

Asanteni sana mliochangia, hasa fundi. Hilo la kufungua gari mbele ya mkadiriaji ningependa kila mtu alishike.

Dereva Mtandao

Mkuu, na sisi ambao gari ndiyo kazi? Nina Vitz naendesha kwa mtandao, nimegongwa na kosa si langu, gari lipo gereji. Sihitaji gari la kutembelea, nahitaji hela ya kila siku ninayoikosa. Nimeambiwa na afisa wa bima yake kwamba biashara hailipwi. Tena nimeletewa ile hati uliyosema nisaini, ina hela ya fundi tu. Nimeshika kalamu hapa.

Dawati la Madai

Usisaini kwanza, ndugu yangu. Hela ya fundi haitakimbia.

Unachodai wewe ni kipato ulichokosa, na kinadaiwa kwa njia ileile ya hasara maalumu. Tofauti ni ushahidi. App yako inaweka kumbukumbu ya mapato; toa ya miezi kadhaa kabla ya ajali, siyo wiki moja iliyokuwa nzuri. Usidai jumla ile, kwa sababu siku gari likiwa limesimama hukuweka mafuta, hukulipa kamisheni ya app wala kuosha gari. Dai kile kinachobaki mkononi baada ya kutoa hivyo. Ukitoa gharama zako mwenyewe kabla hawajakuuliza, namba yako inakuwa ngumu kuipinga. Kama unalipa hesabu (kile kiasi mlichokubaliana) kwa mwenye gari, weka mkataba wenu na miamala ya simu, na mkubaliane mapema nani anadai nini, msije mkadai kitu kimoja mara mbili. Halafu hakikisha bima yako, leseni na vibali vya biashara viko sawa, maana kitu cha kwanza watakachotafuta ni kama ulikuwa unafanya biashara kihalali.

Kuhusu hati: waandikie barua, fupi tu. Waambie unakubali kiasi cha matengenezo kama sehemu ya dai, na dai la kipato ulichokosa la tarehe hii hadi hii linabaki wazi. Waombe walete hati inayosema hivyo, au waongeze kiasi kwenye hii. Wapelekee kwa mkono wagonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Wakikataa dai hilo, waambie waandike sababu na kifungu wanachotegemea. "Biashara hailipwi" ya mdomoni haina uzito. Ya kwenye karatasi unaweza kuipeleka TIRA, na kama ni mkataba wako mwenyewe mnaogombea, kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya 2009. Huko unaweza kwenda mwenyewe bila wakili.

Ikishindikana kote, dereva na mwenye gari lile bado wapo, na mahakama ipo. Madai ya uzembe yana muda wa miaka mitatu tangu tukio, kwa hiyo una nafasi, ila usiilalie.

Dereva Mtandao

Nimeelewa mkuu. Hati nimeirudisha bila kusaini, nimewaambia kesho nawaletea barua. Mapato ya app nimeanza kuyatoa, yanarudi nyuma hadi Januari. Hesabu naipeleka kwa siku ninayempa bosi jioni, risiti za M-Pesa zipo zote. Je, siku za Jumapili ambazo huwa sifanyi kazi niziweke?

Dawati la Madai

Usiziweke. Andika kabisa kwenye barua kwamba Jumapili huwa hufanyi kazi na umeziondoa. App yenyewe itathibitisha. Ukimaliza hesabu, ficha namba za simu na majina, uibandike hapa tuipitie kabla hujaipeleka.